Kwenda na Kurudi Ziwa Chasm kwa Siku Moja: Mwongozo kwa Anayepanda Mara ya Kwanza

Kila inapokaribia Juni, ndugu na jamaa wanaoishi Denver, Aurora na miji ya jirani huanza kuniuliza maswali yale yale. Je, mtu ambaye hajawahi kupanda mlima anaweza kufika Ziwa Chasm na kurudi siku hiyo hiyo? Aondoke saa ngapi? Kwa nini abebe koti wakati ni kiangazi? Nimeyajibu mara nyingi kwa simu, na kila mara nikasahau jambo moja au mawili, kwa hiyo nimeona afadhali niyaandike yote mahali pamoja.

Jibu fupi ni kwamba anaweza, ikiwa ni mzima wa afya na amezoea kutembea saa tatu au nne mfululizo. Hata hivyo, wengi ninaowafahamu walioshindwa kufika, au waliofika na kurudi kwa mateso, hawakuangushwa na miguu yao. Waliangushwa na saa: walichelewa kuondoka, au ulipofika wakati wa kugeuka walikataa kugeuka. Ukisoma mwongozo huu na kukumbuka saa zake tu, utakuwa umepata sehemu kubwa ya ulichokihitaji.

Mahali penyewe

Ziwa Chasm limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, chini ya ukuta wa mashariki wa mlima Longs Peak ambao kilele chake kina mita 4,346. Njia inaanzia kwenye mwinuko wa takriban mita 2,865, na ziwa liko karibu mita 3,600. Kwenda ni kilomita 6.8 hivi, kwa hiyo kwenda na kurudi ni kama kilomita 13.5. Anayeifahamu njia ya Marangu kule Kilimanjaro anaweza kupata picha kwa urahisi: mwanzo wa njia uko juu kidogo ya kituo cha Mandara, na ziwa liko chini kidogo ya kituo cha Horombo. Tofauti ni kwamba Kilimanjaro sheria inakutaka uwe na kiongozi, na wapagazi hukubebea mzigo, mpishi hukupikia, na kila mara kuna mtu nyuma yako anayesema "pole pole". Hapa hakuna hata mmoja wao. Mzigo ni wako, chakula ni chako, na wa kujiambia "pole pole" ni wewe mwenyewe.

Jambo jingine linalowachanganya wageni ni vipimo. Vibao vya njia hii vimeandikwa kwa maili na futi, si kwa kilomita na mita. Maili moja ni kilomita 1.6, na futi elfu moja ni karibu mita 305. Ukiona kibao kinachosema imebaki maili mbili, usijipe moyo kwamba ni kilomita mbili.

Msimu unaofaa

Watu husema "kiangazi" kana kwamba ni kitu kimoja, lakini juu ya mlima huu Juni na Septemba hazifanani hata kidogo. Mwezi wa Juni, na pengine hadi mwanzoni mwa Julai, kuna mteremko mmoja karibu na ziwa ambao bado una theluji ngumu, na hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko pengine pote katika safari hii. Julai na Agosti theluji hupungua, ila ngurumo na radi za mchana huwa karibu za kila siku. Binafsi ninampendekezea anayeanza kipindi cha kuanzia wiki za mwisho za Agosti hadi katikati ya Septemba: theluji imekwisha, radi zimeanza kupungua, na watu si wengi kama Julai. Asubuhi huwa na baridi kali zaidi, lakini dawa ya baridi ni nguo, na radi haina nguo.

Wanaopaswa kuonana na daktari kwanza

Mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu, mjamzito, na mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa wasipande bila ushauri wa daktari. Nasisitiza zaidi kuhusu selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa sababu jambo hili lipo katika familia zetu nyingi na waandishi wengi wa miongozo ya milima ya huku hawaligusi. Upungufu wa oksijeni mahali palipoinuka unaweza kumletea mgonjwa wa selimundu maumivu makali ya ghafla. Hata yule ambaye si mgonjwa, ila amerithi kinasaba kimoja tu cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, anaweza mara chache kupata madhara ya bandama akiwa kwenye mwinuko mkubwa. Ikiwa hujui hali yako, pima kabla ya safari.

Vitu unavyohitaji

- Viatu vya kupandia mlima, au raba imara zenye soli yenye meno, ambazo umekwisha kuzivaa kwa wiki kadhaa. Viatu vipya siku ya safari ni malengelenge ya hakika.
- Soksi za sufu au za nyuzi za kutengenezwa, pamoja na jozi ya akiba.
- Fulana na suruali zinazokauka haraka. Acha nyumbani jinzi na fulana za pamba, kwa sababu pamba ikiloa kwa jasho au mvua hukaa na maji na kuupoza mwili.
- Sweta nene au koti la joto, koti la mvua lenye kofia, glovu, na kofia ya kufunika masikio. Ndiyo, hata mwezi wa Julai. Kwa kawaida joto hupungua kama nyuzi sita na nusu kwa kila mita elfu moja unazopanda. Ziwa liko mita elfu mbili hivi juu ya Denver, na bado hujahesabu upepo.
- Kofia ya jua, miwani ya jua na mafuta ya kukinga ngozi dhidi ya jua. Wapo wanaoamini kwamba ngozi nyeusi haiungui. Huku juu inaungua, na macho pia yanaumia, hasa penye theluji.
- Maji lita tatu kwa kila mtu, au lita mbili pamoja na chujio au vidonge vya kusafishia maji. Maji ya vijito yanaonekana safi kama kioo, lakini yanaweza kuwa na vijidudu vinavyosababisha kuhara kwa majuma.
- Taa ya kuvaa kichwani yenye betri mpya. Tochi ya simu haitoshi, maana utahitaji mikono yote miwili na utaihitaji simu baadaye.
- Ramani ya karatasi, au ramani iliyopakuliwa kwenye simu kabla ya kuondoka nyumbani, pamoja na betri ya akiba. Mtandao wa simu hupatikana kwa kubahatisha.
- Plasta, bandeji, dawa ya maumivu, filimbi, na dawa zako binafsi.
- Fimbo mbili za kupandia, kwa mwenye magoti yanayolalamika.

Chakula nakizungumzia peke yake, kwa sababu hapa ndipo watu hutumia fedha nyingi bila sababu. Huna haja ya vyakula vya pakiti vinavyouzwa dukani kwa bei ya kutisha. Chapati mbili zilizoviringishwa na mayai, viazi vitamu vya kuchemsha, karanga zenye chumvi, tende, ndizi na kashata vinatosha kabisa, na faida yake ni kwamba tumbo lako linavijua. Kwenye mwinuko hamu ya kula hupungua, na mtu akikosa hamu hula kile alichokizoea tu. Chai ya tangawizi yenye sukari katika chupa ndogo ya chai ina uzito wake, lakini sijawahi kumwona mtu aliyefika ziwani akajuta kuibeba.

Hatua za safari

1. Uzoeshe mwili kwa wiki tatu au nne. Tembea milima midogo karibu na Boulder au Golden mara moja au mbili kwa wiki, ukiwa umebeba mkoba ule ule utakaokwenda nao. Kukimbia kwenye mashine ya mazoezi ni kuzuri kwa pumzi, lakini hakumwandai mtu kushuka mawe kwa saa tatu. Kama umewasili Colorado kutoka mahali pa chini, kwa mfano Texas au pwani ya Afrika Mashariki, kaa Denver angalau siku mbili au tatu, na ukiweza lala usiku mmoja Estes Park, mji ulio karibu na hifadhi kwenye mwinuko wa takriban mita 2,300. Wapo wanaotumia dawa ya acetazolamide kuzuia ugonjwa wa mwinuko, yaani kuumwa kichwa na kichefuchefu kwa sababu ya upungufu wa oksijeni huko juu; hiyo ni ya kuandikiwa na daktari, usiazime kwa rafiki.

2. Chagua siku na uhakikishe vibali. Siku za kati ya wiki ni bora kuliko Jumamosi na Jumapili. Hifadhi inatoza kiingilio, na hata kama mwanzo wa njia hii hauna geti lenye mtu wa kukusanya fedha, unatakiwa kuwa na kibali chako. Kwa miaka ya karibuni hifadhi imekuwa pia ikitumia utaratibu wa kuweka nafasi ya saa ya kuingia katika miezi ya kiangazi. Soma masharti ya mwaka husika kwenye tovuti rasmi ya hifadhi kabla ya kupanga. Mbwa hawaruhusiwi kwenye njia hii, na kurusha droni ni marufuku.

3. Angalia hali ya hewa ya mlimani, si ya mjini. Utabiri wa Denver hauna maana yoyote kwako, na ule wa Estes Park ni wa mita 2,300. Idara ya taifa ya hali ya hewa ya Marekani hutoa utabiri wa sehemu maalumu unayoichagua kwenye ramani. Chagua Longs Peak. Ukiona radi zinatabiriwa kabla ya saa sita mchana, ahirisha. Ukiona zinatabiriwa saa nane au saa tisa alasiri, hiyo ni siku ya kawaida ya Julai, na unaweza kwenda ikiwa utazishika saa nilizoziandika hapa.

4. Pangeni saa ya kuondoka kwa maneno yasiyo na utata. Nililazimika kuiongeza hatua hii. Mwaka mmoja niliwaandikia wenzangu kwamba tungeanza kupanda "saa 10". Nilikusudia saa kumi alfajiri, kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Ndugu mmoja aliyekuwa amekwisha kuzoea saa za simu yake alisoma saa nne asubuhi, akatukosa, akapanda peke yake, na mvua ya mawe ikamkuta juu ya miti. Tangu siku hiyo naandika namna zote mbili: saa kumi na nusu alfajiri, yaani 4:30 kwa saa ya simu. Hiyo ndiyo saa ninayopendekeza muwe mnaanza kutembea. Si saa ya kuamka, wala si saa ya kutoka nyumbani.

Kutoka Denver kwa gari, kupitia Boulder na Lyons na kisha barabara kuu namba 7, tenga kama saa moja na nusu hadi mbili. Mwanzo wa njia uko kama kilomita 14 kusini mwa Estes Park, na kuna kibao cha kukuelekeza uache barabara kuu. Fahamu kwamba wanaokwenda kileleni huanza kutembea saa nane au saa tisa usiku, kwa hiyo siku za mwisho wa wiki maegesho yanaweza kujaa kabla hakujapambazuka. Ukikuta pamejaa, usiegeshe juu ya majani au mahali palipokatazwa.

Kabla hujaondoka nyumbani, mwachie mtu jina la njia, idadi yenu, namba ya gari, na saa ambayo ikifika kabla hajakusikia apige 911, namba ya dharura ya Marekani. Mimi humwambia saa kumi na mbili jioni.

5. Kutoka maegesho hadi mwisho wa miti (kilomita 4 hivi). Mwanzo wa njia kuna choo, kitumie. Jiandikishe katika daftari la wapandaji kama lipo, kisha washa taa na uanze kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza bila kukatika pumzi. Ikiwa huwezi kumaliza sentensi, unakwenda mbio. Nusu saa ya kwanza kila mtu anajiona ana nguvu, na wengi huitumia nguvu yote hapo.

Baada ya takriban mita 800 utakuta njia panda. Ya kulia inakwenda mgodi wa zamani wa Eugenia. Wewe baki kushoto. Kwenye kilomita 1.9 hivi utapita eneo la kambi linaloitwa Goblins Forest, kisha njia inapinda pinda ndani ya msitu na kuvuka kijito kwa daraja dogo. Kunywa maji kidogo kila baada ya dakika ishirini na ule kitu kila saa, hata kama huna njaa. Ukitoka jasho, vua koti mapema. Jasho la msituni ndilo baridi ya huko juu.

6. Kutoka mwisho wa miti hadi njia panda ya Chasm. Polepole miti inakuwa mifupi, imepinda kwa upepo, hadi inafika magotini, kisha inatoweka. Hapo ni karibu mita 3,350. Simama, vaa koti la upepo, na umtazame kila mwenzako usoni. Muulize kama kichwa kinamuuma, kama ana kichefuchefu. Hapa ndipo mahali pa kuamua, kwa sababu kuanzia hapa hakuna pa kujificha radi hadi utakaporudi.

Tembea katikati ya njia hata kama ina matope. Mimea ya huku juu ni midogo kama kucha na hukua polepole mno, hata palipokanyagwa sana panaweza kuchukua miaka mingi kupona.

Njia panda ya Chasm iko kwenye mita 3,500 na kidogo, na ina choo. Wanaokwenda kilele cha Longs Peak huenda kulia. Wanaokwenda ziwani huenda kushoto. Gizani mtu hufuata taa zilizo mbele yake, na taa nyingi zinakwenda kulia, kwa hiyo soma kibao mwenyewe.

7. Vuka mteremko ulio juu ya Peacock Pool. Kutoka njia panda, njia ni nyembamba na inakata ubavu wa mlima. Upande wako wa kushoto, chini kabisa, kuna bwawa la Peacock Pool, na mbele yako yanaonekana maporomoko ya Columbine. Jua la asubuhi likiwa linaangaza ule ukuta wa mwamba, hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, na ndiyo maana nakuomba usipige picha huku unatembea. Simama kwanza, kisha piga.

Hapa ndipo theluji niliyoitaja hubaki hadi mwanzoni mwa Julai, na miaka mingine zaidi. Asubuhi na mapema huwa imeganda kama saruji, na anayeteleza hana kitu cha kumsimamisha hadi kwenye mawe ya chini. Wenye uzoefu huvuka wakiwa na shoka la barafu na meno ya chuma yanayofungwa chini ya viatu, na wanajua kuvitumia. Wewe unayeanza, ukikuta theluji imeifunika njia na huna vifaa hivyo, rudi. Usidanganywe na nyayo za waliotangulia. Nyayo zinaonyesha kwamba wao walivuka, hazionyeshi walivyovuka. Wala usijaribu kuizunguka theluji kwa kupanda juu au kushuka chini, kwa sababu mawe ya pande zote mbili yamelegea.

8. Panda mawe ya mwisho. Baada ya mteremko utafika kwenye bustani ndogo ya majani na maua, yenye kibanda cha askari wa hifadhi. Kutoka hapo njia inapotea ndani ya mawe makubwa, na inabidi utumie mikono kupanda kama mita thelathini au arobaini. Si pagumu, lakini mtu mchovu hapaoni hivyo. Tafuta vichuguu vidogo vya mawe yaliyopangwa, ambavyo vinaonyesha mwelekeo, na ujaribu kila jiwe kabla ya kuliwekea uzito wote. Funga fimbo kwenye mkoba. Mkiwa wengi, msipande moja kwa moja chini ya mwenzenu, ili jiwe likichomoka lisimkute mtu.

9. Ziwani. Ukipanda ukingo wa mwisho, ziwa linatokea lote kwa mara moja, na kilele kiko kama mita 750 juu ya maji. Ule uso bapa ulio juu kabisa unaitwa Diamond, na watu walianza kuukwea mwaka 1960. Ukitazama vizuri mara nyingine utawaona wakwezi kama chembe za pilipili manga ukutani. Vaa nguo kavu kabla hujaketi. Kula. Usiogelee, maana maji hayo yametoka kwenye theluji na yanaweza kumkata mtu pumzi mara moja.

Usiwape chakula wanyama, na usiuache mkoba wazi. Kuna panya wakubwa wa milimani waitwao mamoti, wanene kama paka waliolelewa vizuri, ambao hutafuna kamba za mkoba kwa ajili ya chumvi ya jasho lako. Walishanichania mkoba mara moja nilipokuwa nimeupa mgongo kwa dakika tano, na kashata zote zikaenda.

Kwa mwendo wa kawaida utakuwa umefika kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi. Kaa nusu saa, au dakika arobaini kama kumetulia.

10. Geuka kwa saa, si kwa hisia. Saa nne asubuhi, yaani 10:00 kwa saa ya simu, unageuka popote ulipo, hata kama ziwa limebaki hatua mia mbili. Lengo ni kuwa ndani ya miti kabla ya saa sita mchana. Wekeni makubaliano haya nyumbani mbele ya kila mtu, kwa sababu mlimani yule mwenye nguvu kuliko wote ndiye anayesema "tumalizie tu kidogo", na wachovu wanaona aibu kumpinga.

Katika kushuka, fupisha hatua na ulegeze magoti. Aghalabu vifundo huteguka wakati wa kurudi, pale mtu anapoona safari imekwisha na akaanza kuzungumza na simu.

Matatizo yanayotokea na la kufanya

*Kichwa kinauma na nina kichefuchefu.* Simama, kunywa maji, kula kidogo, pumzika dakika ishirini. Kikipungua, endelea taratibu. Kisipopungua, shuka, mita mia tatu tu za kushuka mara nyingi zinatosha kuleta nafuu. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, kukosa pumzi hata akiwa ameketi, au kukohoa makohozi yenye povu, hiyo ni dharura: mshusheni mara moja, asiachwe peke yake, na pigeni 911. Asiambiwe apumzike aone kwanza.

*Mawingu yanajikusanya na tumesikia ngurumo.* Ukiisikia ngurumo, radi iko karibu vya kutosha kukupiga. Ondokeni kwenye matuta na mahali pa wazi, mshuke haraka bila kukimbia ovyo, na mwachane umbali wa mita kama kumi na tano kila mmoja ili radi isiwapige wote kwa pamoja. Usijibanze chini ya jiwe lililojitokeza wala chini ya mti mmoja uliosimama peke yake. Subirini nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho kabla ya kufikiria kupanda tena. Kwa kweli, baada ya hapo mimi huwa nakwenda nyumbani.

*Mwenzetu mmoja anakwenda polepole mno.* Mwekeni mbele, aongoze mwendo. Mkimweka nyuma, kila mnapomsubiri nyinyi mnapumzika, na akifika mnaondoka. Yeye hapumziki kabisa. Kundi likigawanyika, ligawanyike wawili wawili, na kila upande uwe na taa, maji na mtu anayeijua njia.

*Nahisi lengelenge kisiginoni.* Simama pale pale ngozi inapoanza kuwasha, usingoje ipasuke. Kausha, bandika plasta, badili soksi.

*Natetemeka na vidole havifungi zipu.* Vua kilicholoa, vaa kikavu, funika kichwa, kula kitu chenye sukari, kunywa chai yako, na uanze kushuka mara moja. Mtetemeko ukikoma huku mtu akiwa bado baridi na anaongea mambo yasiyoeleweka, hali imekuwa mbaya zaidi, iteni msaada.

*Siioni njia.* Usiendelee mbele kwa matumaini. Rudi kwa nyayo zako hadi mahali pa mwisho ulipokuwa na uhakika, tazama ramani, na ukishindwa kaa hapo upige filimbi mara tatu, pumzika, upige tena tatu.

*Tumefika kwenye gari na dereva anasinzia.* Mmekuwa macho tangu usiku wa manane, na barabara namba 7 ina kona nyingi. Badilisheni nguo, ndiyo maana kanga na suruali kavu huachwa garini. Mjulisheni yule mtu wa nyumbani kwamba mmeshuka salama mara tu mtandao utakapopatikana, kisha dereva alale dakika arobaini ndani ya gari kabla ya kuliwasha.